Jiwe la Kilo Ishirini

Mtaa mzima ulimjua Fundi Mizani. Mwenye duka akiona mizani yake imeanza kudanganya, alimpelekea yeye. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara. Ndani mlikuwa na meza moja, koleo, kopo la grisi, na mawe ya mizani yaliyopangwa kwa safu, kuanzia lile la gramu hamsini hadi lile la kilo ishirini.

Alikuwa na usemi wake: "Uzito ndio mwisho wa maneno." Watu wakibishana, yeye alipima. Akishapima, hakutaka kusikia la mtu.

Mkewe alikuwa mshona mapazia. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, karibu na dirisha. Walikuwa na binti mmoja wa miaka tisa. Tena alikuwapo mdogo wa kiume wa mke, fundi wa kupaka rangi, mtu wa mzaha asubuhi hadi jioni. Wote walimwita Kicheko.

Starehe yao ilikuwa moja. Jumapili walitembea mpaka ziwani, wakapanda mashua yao ndogo ya makasia. Waliinunua kuukuu, wakachanga wao na Kicheko. Kicheko alianza kuipaka rangi ya buluu. Alimaliza upande mmoja, akasema wa pili utangoja mwezi ujao.

Mashua haikuwa na nanga. Aliyewauzia aliwashauri wanunue.

Fundi Mizani alicheka. "Ninunue nanga ya kilo nne, nami nina chuma cha kilo ishirini bure?"

Akachukua jiwe kubwa la mizani, lile lenye pete juu. Akalifunga kamba ya mita tano.

"Maji pale yana kina cha mita nne," alisema. "Tano zinatosha na kubaki."

Kicheko alimtania, kama kawaida ya mashemeji. "Shemeji, huko chini umefungua duka? Samaki wanapimiwa sukari?"

Walicheka wote. Na kwa kuwa siku nyingi ziwa lilikuwa tulivu, jiwe lilionekana linafaa. Hakuna aliyewaza kwamba halijawahi kujaribiwa na upepo.

Jumapili ile walitia jiwe mbali kidogo na ufuo. Kicheko akaruka majini kuogelea. Hakuvaa jaketi okozi. Alijua kuogelea, na mjuzi wa maji ndiye huyadharau. Binti alikuwa anakula chungwa. Upepo ulianza kidogo kidogo, ukitokea ufuoni kwa mshazari kuelekea katikati ya ziwa.

Mke alikuwa anatazama nyumba ya pampu ya maji iliyoko ufuoni. Walipofika ilikuwa imefichwa na mti mkubwa. Sasa aliiona nusu yake. Akatazama tena. Akaiona yote.

"Baba, tunasogea," alimwambia mumewe.

"Haiwezekani. Kilo ishirini ziko chini."

"Tazama nyumba ya pampu."

"Nitazame nyumba ya nini? Chuma hakitembei."

Alisema hivyo bila kugeuza shingo. Dakika zikapita. Kisha binti akaacha chungwa lake.

"Mjomba yuko mbali," alisema.

Alikuwa mbali kweli. Upepo uliisukuma mashua, na mashua ilikuwa inamkimbia. Alikuwa anaogelea kuifuata kwa nguvu zake zote. Hakucheka tena. Fundi Mizani alirukia makasia, akavuta mpaka viganja vikachubuka. Lakini upepo ulikuwa unampinga, na jiwe lilikuwa bado linaning'inia mbele, likiwarudisha nyuma. Mke akamwita mdogo wake kwa jina la utotoni. Akaona mkono ukiinuka. Akauona mara ya pili. Mara ya tatu aliona maji tu.

Walimpata kesho yake asubuhi.

Msibani, kila aliyeuliza alipewa jibu moja. "Ni upepo," Fundi Mizani alisema. "Upepo uligeuka ghafla." Watu waliitikia kwa kichwa. Waliokuwa mashuani walikuwa watatu, na wawili kati yao walijua kwamba hilo halikuwa jibu.

Miezi miwili ikapita. Jiwe lilikuwa nyuma ya mlango, bado na kamba yake, likiacha duara la kutu sakafuni. Mke alipika, akampakulia mumewe, kisha akaenda kula peke yake kwenye cherehani. Hakumtukana wala hakumlilia. Alitaka asikie jambo moja tu kutoka kinywani mwake, na halikuja.

Siku moja Fundi Mizani alisema, "Nimepata mnunuzi wa mashua. Mtu mwenye watoto wadogo."

Mke akasimamisha cherehani. "Utamuuzia na jiwe?"

"Mbona nisimuuzie? Jiwe halina kosa. Ni upepo."

"Mizani ya watu ikidanganya unaijua kwa kuitazama sindano," mke alisema. "Ya kwako je? Siuzi mashua. Ndugu yangu ana nusu yake. Haitoki mpaka nijue kilichomuua."

Kesho yake alimwendea mteja wake mmoja wa mapazia. Mama huyu alifanya kazi kwenye karakana ya vivuko. Yeye na wenzake walitengeneza maboya, yale yanayoelea kuonyesha vyombo njia, na kuyafunga ili yasichukuliwe na maji. Watu walimwita Mama Maboya. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Pole sana, dada," alisema. "Mlete mumeo Jumamosi. Aje na jiwe lake."

Jumamosi Fundi Mizani alibeba jiwe begani mtaa mzima. Mwenye duka mmoja akamwuliza anakwenda kupima nini. Akaongeza mwendo.

Nyuma ya karakana palikuwa na mchanga mbichi wa ufuoni. Mama Maboya alifunga kamba ndefu kwenye jiwe, akampa mke. "Vuta, dada."

Mke akavuta. Jiwe likamfuata, likichora mfereji mchangani. Alilivuta hatua kumi, peke yake, mwanamke wa kushona mapazia.

Fundi Mizani alitazama ule mfereji.

Mama Maboya akaleta nanga ndogo kuukuu, yenye mabapa mawili yaliyochongoka kama majembe. Nyuma yake ilikuwa na mnyororo wa mita mbili, kisha kamba.

"Ipime kwa mkono, fundi."

"Haifiki kilo nne."

"Haya. Lazeni mnyororo chini. Vuteni wote wawili, kamba iwe chini chini."

Walivuta. Nanga iliteleza kidogo, ikainamisha majembe yake, ikazama mchangani. Walivuta tena mpaka visigino vikachimba. Haikusogea.

"Nanga haishiki kwa uzito," Mama Maboya alisema. "Inashika kwa kuchimba. Jembe lenyewe si zito, lakini likishaingia ardhini, nani atalivuta? Sasa fundi, njoo usimame hapo ilipozama. Vuta kamba kwenda juu."

Fundi Mizani akavuta kwenda juu. Nanga ikang'oka kirahisi.

"Umeona? Ukivuta kutoka pembeni, inazama. Ukivuta kutoka juu, inatoka. Kamba yenu ilikuwa mita ngapi?"

"Tano," Fundi Mizani alisema kwa sauti ndogo.

"Na maji mita nne. Basi kamba ilisimama wima kama nguzo. Kila wimbi liliinua mashua, na mashua ikainua jiwe. Mlikuwa mnatembea kwa kurukaruka."

"Kamba iwe ndefu kiasi gani?" mke aliuliza.

"Pima kina cha maji. Ongeza kimo cha mbele ya mashua, kutoka majini hadi unapofunga kamba. Kisha zidisha mara tano hali ikiwa shwari, mara saba upepo ukiwapo. Maji ya mita nne yanataka kamba ya mita thelathini na zaidi. Na mnyororo usiuache. Ndio unaolaza nanga chini, tena haukatwi na mawe."

"Nanga hii inafaa kila mahali?"

"Hapana. Hii ni ya mchanga na tope. Penye miamba hutumika ile ya makucha manne, nayo hunasa, kwa hiyo watu hupoteza nyingi. Kwanza jua chini kuna nini. Na si lazima mpya. Tafuta kuukuu, lakini kagua. Shina, kile chuma kirefu cha katikati, liwe limenyooka. Majembe yacheze bila kukwama. Penye nyufa au kutu iliyokula chuma, iache."

Kisha akamgeukia Fundi Mizani. "Na ukishatia nanga, usiiamini. Chagua vitu viwili ufuoni, kimoja mbele ya kingine. Vikiachana, unasogea. Hapo hakuna kubishana."

Fundi Mizani aliinamisha kichwa. Mkewe alimtazama, akangoja. Lile jambo alilotaka kulisikia bado halikuja.

Walipata nanga kuukuu kwa muuza vyuma chakavu, kwa bei ya pazia moja. Mnyororo na kamba walinunua dukani. Fundi Mizani aliifunga kamba fundo la kitambaa chekundu kila mita tano, ili wajue wameachia kiasi gani. Walinunua na majaketi okozi matatu. Binti alilivaa la kwake akakaa nalo nyumbani, hata wakati wa kula.

Walirudi ziwani Jumapili. Mke hakutaka kwenda, lakini alitaka zaidi kuona.

Fundi Mizani alipima kina kwa kamba yenye kitu kizito mwishoni. Akaielekeza mashua kwenye upepo. Hakuitupa nanga. Aliishusha polepole kutoka mbele, hata mnyororo ulipokwisha akaanza kuachia kamba, huku upepo ukiwarudisha nyuma. Akaifunga mbele, kwa kuwa ukifunga nyuma mawimbi huingia. Kisha akapiga makasia kwenda nyuma kwa nguvu. Kamba ikakaza. Mashua ikasimama.

"Mti na nyumba ya pampu," alimwambia binti. "Vikiachana, sema. Ukisema tu, naondoka."

Hakuna aliyeogelea siku ile. Saa tisa upepo ukaanza, ule ule wa kutoka ufuoni. Mashua ikayumba. Mke alishika ukingo wake kwa mikono miwili.

"Vimeachana?" Fundi Mizani aliuliza.

"Bado."

"Sasa?"

"Bado, baba."

Ulivuma karibu saa nzima. Nyumba ya pampu ilibaki nyuma ya mti wake. Mke alitazama maji pale ambapo mkono uliinuka mara mbili. Nanga ilikuwa inashika vizuri kabisa, na jambo hilo lilimuuma, maana lilikuwa linawezekana tangu mwanzo.

Walipofika ufuoni, mtu mmoja alikuwa anaandaa mashua yake. Watoto wake watatu walikuwa wamekwisha kaa ndani. Mbele ya mashua palikuwa na ndoo iliyojazwa saruji, yenye kamba fupi.

Fundi Mizani alipita. Akasimama. Akarudi.

"Ndugu, hiyo ndiyo nanga yako?"

"Ndiyo. Nzito hiyo! Haisogei hata kidogo."

"Mimi nilikuwa na ya kilo ishirini," Fundi Mizani alisema. "Ilimuua shemeji yangu."

Yule mtu akaacha kamba. "Ah! Wewe ndiye yule? Poleni sana. Nilisikia ni upepo."

"Hapana. Upepo ulikuwa wa kawaida. Jiwe langu lilikuwa linaburuzwa. Mke wangu aliniambia tunasogea, nikakataa hata kugeuza shingo. Ni mimi. Washushe watoto wako kwanza, nikuonyeshe."

Mke alikuwa ameshika kamba, anaikunja. Mikono ikaacha kukunja. Akakaa mchangani na kulia kwa sauti, kilio ambacho msibani kilikataa kutoka. Binti akaja akamkumbatia, jaketi lake likiwa bado kifuani.

Watoto wale watatu walishuka mmoja mmoja. Siku hiyo hawakwenda majini.

Jumatatu Fundi Mizani alilikata kamba lile jiwe, akalirudisha mwisho wa safu kibandani. Mkewe alikwangua duara la kutu nyuma ya mlango. Kisha akatafuta kopo la rangi ya buluu la mdogo wake, akalitikisa asikie kama rangi haijakauka, akaenda ziwani kupaka upande wa pili.