Matairi ya Mama Keki

Mtaani walimwita Mama Keki, na jina lilimkaa. Watu wakiwa bado wanajigeuza kitandani, jiko lake lilikuwa limeshapamba moto. Alipika keki za ofisini, keki za siku ya kuzaliwa, na keki za harusi zenye ghorofa. Kisha alizipakia nyuma ya gari lao dogo jeupe na kuzisambaza mwenyewe. Gari hilohilo ndilo lililompeleka mumewe kwenye karakana yake ya useremala na watoto shuleni. Lilikuwa halijui kupumzika, sawasawa na mwenyewe.

Sasa, keki ni kitu cha kudekezwa. Gari likidunda, urembo wa juu unapasuka. Mama Keki alikuwa na dawa yake ya siri. Kabla ya kupakia, alizunguka gari na kijiko cha chai mkononi. Kwenye kila tairi alifungua kifuniko cha vali, akabonyeza kwa mkia wa kijiko, akatoa upepo kidogo. Aliamini kwamba tairi likilegea, gari hutembea kama godoro. Na kweli mdundo ulipungua. Akajipongeza kimoyomoyo, wala hakumwambia mtu.

Mumewe naye kila wiki alijaza upepo kituo cha mafuta, na kila wiki alikuta umepungua. Akaamua kwamba mhudumu wa pale anamdanganya. Walirushiana maneno mpaka wakawa hawasalimiani. Masikini mhudumu wa watu, hakuwa na kosa lolote.

Siku moja mvua ilikuwa inanyesha. Mama Keki alikuwa anashuka mteremko wa sokoni na keki ya sherehe ya mteja. Gari la mbele likasimama ghafla. Akakanyaga breki, lakini gari lake halikusikia. Liliteleza upande upande, likapanda ukingo wa barabara, likazima. Hakuna aliyeumia, na hilo ni jambo la kushukuru. Alipogeuka nyuma, keki ilikuwa imekuwa uji.

Wageni wa sherehe hiyo waliila kwa vijiko, kwa huruma. Mmoja wa wageni hao alikuwa wifi yake, dada wa mumewe. Huyo dada alikuwa na moyo mzuri, ila mdomo wake ulikosa breki kuliko hata lile gari. Tangu siku hiyo, akiulizwa habari za Mama Keki, alijibu, "Yule wa keki za kijiko?" Utani ukasambaa mtaa mzima. Mama Keki alicheka pamoja nao, lakini ulimchoma. Mvua ikinyesha, hakugusa usukani tena. Wateja wakaanza kupungua mmoja mmoja.

Halafu wifi akachumbiwa. Alikuja na habari njema, akala, akanywa, kisha akasema kwamba keki ya harusi ataagiza kwenye duka kubwa la katikati ya mji. Alijieleza. Harusi ni msimu wa mvua, na ukumbi uko chini ya mteremko wa sokoni. Hakutaka wageni wake wagawiwe vijiko mlangoni.

Mumewe akatazama sahani yake. Mama Keki akapiga moyo konde.

"Wifi, keki yako nitaipika mimi. Itakuwa na ghorofa tatu, na itafika imesimama."

"Na ikifika imelala?"

"Ikifika imelala, sipiki tena keki ya harusi maisha yangu yote."

Hata wifi mwenyewe aliona mchezo umekuwa kazi. Wakapeana mikono.

Kesho yake mumewe alianza kutengeneza sanduku la kushikilia keki. Mume mwema, kila tatizo kwake dawa yake ni mbao. Lakini alijua sanduku halisimamishi gari. Kwa hiyo alimwita jirani yao awaangalizie breki. Jirani huyo alikuwa mwalimu wa udereva, mwanamke mrefu asiyependa haraka.

Mwalimu hakufungua chochote. Alichutama karibu na gurudumu, akapitisha kiganja juu ya tairi.

"Breki inasimamisha gurudumu," alisema. "Linalosimamisha gari ni tairi. Hebu njooni muone."

Akawaonyesha. Kingo za tairi, huku na huku, zilikuwa kipara. Katikati bado kulikuwa na meno. Akawaonyesha pia vivimbe vidogo ndani ya mifereji ya tairi. Meno yakiisha mpaka yakalingana na vivimbe hivyo, alisema, tairi limekufa, hata kama bado linazunguka. Kwenye kingo za matairi yao, vivimbe vilikuwa vimeshalingana na meno.

"Tairi likiliwa kingo hivi, maana yake linaendeshwa na upepo mdogo," alisema mwalimu.

Mume akaruka. Si alisema! Ni yule bwana wa kituo cha mafuta! Akaapa kwamba jioni hiyohiyo ataenda kumwonyesha. Mama Keki alimsikiliza, uso ukimwaka moto. Angeweza kunyamaza. Lakini alimfikiria yule mhudumu wa watu, na zaidi aliwafikiria watoto wake waliokaa kiti cha nyuma kila asubuhi.

"Baba watoto, muache. Ni mimi ninayetoa upepo. Natoa kwa kijiko, keki zisidunde."

Mumewe akacheka mpaka akashika paa la gari. Mwalimu naye alicheka, lakini hakumaliza mazungumzo kwa kicheko. Aliwaeleza polepole. Tairi lenye upepo mdogo hujibinya. Kingo hubeba mzigo wote na kuisha haraka. Tairi linapata moto, na linaweza kupasuka njiani. Mvua ikinyesha, mifereji inabanwa na maji yanakosa pa kutokea. Hapo gari linaelea juu ya maji, na usukani wala breki havina kazi.

"Ulaini unaoutafuta haupatikani kwa kutoa upepo," alimwambia Mama Keki. "Unapatikana kwa kuchagua tairi linalokufaa."

Mwalimu akafungua mlango wa dereva. Pembeni, kwenye nguzo ya mlango, palikuwa na karatasi ndogo iliyobandikwa na watengenezaji wa gari. Mama Keki alikuwa ameipita miaka yote asiione. Ilisema gari linataka tairi la saizi gani, na upepo kiasi gani.

Jumamosi wakaenda wote watatu dukani. Mume alivutwa papo hapo na matairi manene yenye meno makubwa. Hayo, alisema, yatauma ule mteremko kisawasawa. Mwalimu akamuuliza gari lao linapita wapi siku zote. Mume akakiri kwamba ni lami tupu, nyumbani mpaka mjini. Basi mwalimu akamwambia meno yale ni ya matope. Kwenye lami hupiga kelele na kutetemesha gari, na lami ikilowa hayashiki vizuri.

"Wewe unaendesha kila siku, jua na mvua, joto na baridi," alimwambia Mama Keki. "Chukua tairi la misimu yote, lile la uwezo wa juu. Mpira wake unashika lami vizuri, na mifereji yake ni mipana ya kutoa maji. Ukikata kona au ukikanyaga breki, linakusikia."

Mama Keki akauliza swali la mwenye kujua kununua vitu. Je, ubaya wake ni upi? Mwalimu akafurahi. Akajibu kwamba mengi ya aina hiyo huisha mapema kidogo kuliko matairi ya kawaida. Tena, hakuna tairi linaloweza kila kitu. Anayeishi kwenye theluji nyingi au matope mazito anahitaji aina nyingine.

Kisha akamfundisha kusoma ubavu wa tairi. Palikuwa pameandikwa 195/65 R15 91H. Ya kwanza ni upana. Ya pili inahusu kimo cha ubavu. Kumi na tano ni saizi ya rimu. Tisini na moja inaonyesha uzito ambao tairi linaweza kubeba. Herufi ya mwisho inaonyesha mwendo wa juu ambao tairi linaweza kuhimili.

"Herufi hiyo si ruhusa ya kukimbia," alisema mwalimu, akimtazama mume.

Muuzaji akaleta matairi manne ya aina na saizi hiyohiyo kutoka stoo. Yalikuwa yamepakwa dawa yakang'aa kama viatu vya sikukuu, na bei yake ilikuwa ya kuvutia. Mume akaanza kutabasamu. Mama Keki akauliza kama tairi nalo lina tarehe, kama unga. Mwalimu akamwelekeza kwenye namba nne zilizopigwa ubavuni mwa tairi. Mbili za mwanzo ni wiki ya kutengenezwa, mbili za mwisho ni mwaka. Mama Keki akainama, akasoma, akahesabu kwa vidole.

"Kaka, tairi hili ni kubwa kuliko mtoto wangu wa darasa la tatu," alimwambia muuzaji. "Unga wa umri huu siupokei hata kwa bure."

Muuzaji akacheka kwa aibu. Mpira hukauka na kuwa mgumu hata ukikaa stoo bila kutumika, na yeye alijua. Akaleta mengine, yasiyofikisha hata mwaka. Wakafunga yote manne, ili gari lishike sawa mbele na nyuma. Fundi akayasawazisha, akajaza upepo kama karatasi ya mlangoni ilivyosema. Walipokuwa wanarudi, Mama Keki alisubiri mdundo. Gari likapita lilipozoea kudunda, likatulia. Akacheka peke yake.

Siku ya harusi mvua ilikuja, tena si ya mchezo. Keki ilikuwa na ghorofa tatu, nyeupe, na maua ya sukari. Mumewe alikaa nyuma akilishikilia sanduku lake kama mtoto mchanga. Mama Keki alikuwa amepima upepo asubuhi kwa kipimo kipya, matairi yakiwa bado ya baridi, kama mwalimu alivyomfundisha. Kijiko alikiacha jikoni.

Aliteremka polepole, akiacha nafasi mbele yake. Katikati ya mteremko, mkokoteni wa magunia ukamponyoka mwenyewe na kukatisha barabara. Nyuma, mumewe alifumba macho. Mama Keki akakanyaga breki.

Gari likasimama. Lilisimama palepale, limenyooka, maji yakitiririka pembeni. Mkokoteni ukapita, ukajigonga ukingoni. Mama Keki alisikia machozi yakimlenga, na hayakuwa ya woga.

"Baba watoto, fumbua macho. Imesimama?"

"Imesimama, mke wangu. Hata ua moja halijatikisika."

Ukumbini, keki ilipoingia, watu walipiga makofi mpaka bwana harusi akadhani ni yake. Bibi harusi akakata kipande. Kipande kikasimama juu ya sahani, kimenyooka kama askari. Ndipo wifi akatoa kijiko kipya alichokificha ndani ya shada la maua, akakiinua juu ili wote wakione.

"Nilikuja nimejiandaa," alisema. "Wifi, umenishinda. Chukua chombo chako."

Ukumbi ukavuma kwa vicheko na vigelegele. Mama Keki akakipokea kwa mikono miwili. Wiki iliyofuata alipata oda za harusi mpaka akakataa nyingine. Mumewe alikwenda kituo cha mafuta na kipande cha keki, akamwomba radhi mhudumu, na siku hizi hao ni marafiki. Kipimo cha upepo kinaning'inia jikoni karibu na mchapo wa kupigia mayai, na Mama Keki hukitumia mara kwa mara bila kukumbushwa.

Haukupita muda, wifi akaja kutembea na gari la mume wake mpya. Mama Keki alitoka kumpokea, lakini hakumkumbatia kwanza. Alichutama karibu na gurudumu, akapitisha kiganja juu ya tairi. Lilikuwa kipara kitupu. Akaingia ndani, akarudi na kile kijiko cha harusini, akamwekea wifi yake mkononi.

"Kishike, wifi," alisema. "Au twende dukani sasa hivi, nikakuchagulie."

Wifi akakitazama kijiko, akacheka. Akamrushia funguo, wakaenda.