Kadi ya Tarehe Kumi na Nne

Siku Telesphory alipokutana na Mwalimu Digna, alikuwa akitafuta mtu wa kumbebea redio.

Stesheni ya Ifakara ilikuwa imefurika. Magunia ya mchele yalipangwa hadi mlangoni, akina mama wa kijiji cha Mofu wamekalia ndoo zao za kambale wakavu, na harufu ya samaki ilikuwa imeshikana na ya chapati. Treni ya kwenda Mlimba ilikuwa bado. Telesphory alisimama na redio ya mteja, ameizungushia gazeti, akiwatazama abiria usoni mmoja mmoja kama mtu anayechagua nyanya. Yeye ni fundi wa redio na simu pale Kibaoni. Hakusomea chuo chochote. Alijifunza kwa kufungua na kufunga, na kila alichofungua alikiandika kwenye daftari.

Akamwona dada mmoja aliyevaa gauni la kitenge cha kijani chenye maua ya njano, nywele za mistari midogo zimebanwa nyuma, amekumbatia hotpoti kifuani.

"Samahani dada, unashuka Mlimba?"

"Nashuka Mlimba. Na sibebi samaki wa mtu."

"Si samaki, ni redio. Mwenyewe atakupokea palepale stesheni."

Dada akamtazama kuanzia viatu hadi kofia. "Wewe ni fundi?"

"Nabahatisha."

"Basi bahatisha na hii."

Akafungua hotpoti. Ndani, juu ya kitambaa cha jikoni, ililala kompyuta ya bodi moja, ukubwa wa kitambulisho, haina kioo wala vitufe.

"Hii ndiyo maktaba ya shule yetu," alisema. "Vitabu mia tatu vimo humu, wanafunzi wanavisoma kwa vishikwambi bila intaneti. Sasa inajikokota. Darasa zima likiingia, inazima. Nimezunguka mjini tangu asubuhi, kila fundi ananiambia ninunue kubwa."

Honi ya treni ikalia kwa mbali. Watu wakaanza kusukumana.

"Niachie," Telesphory akasema.

"Nikuachie? Hata jina lako silijui."

"Mimi pia silijui lako, na nakupa redio ya watu."

Dada akacheka, mwanya ukaonekana. Wakabadilishana mizigo. Treni ilipoanza kusogea ndipo walipokumbuka namba za simu, wakazitaja kwa kupiga kelele, yeye dirishani, huyu akikimbia na hotpoti kwapani.

"Umeanza kuuza pilau?" Fidel alimuuliza alipofika kibandani. Fidel huuza makava ya simu meza ya pili, na hapitwi na jambo.

"Ni kazi."

"Kazi haifanyi mtu atabasamu barabarani."

Siku ya pili simu ikaita.

"Fundi, mgonjwa anaendeleaje?"

"Hajafa. Mashine nzima, kadi yake ya kumbukumbu nzima. Tatizo ni mfumo uliomo. Ni Linux, lakini Linux ziko za namna nyingi, wenyewe wanaziita distro. Hii yenu imekuja na madirisha, mapambo, hadi michezo. Ni kama kuingiza sofa seti kwenye chumba cha kupanga."

"Kwa hiyo?"

"Tunahamia distro nyingine, nyepesi. Vitabu vinabaki vilevile, nyumba ndiyo inabadilika."

"Na ukivipoteza?"

"Mwalimu, mimi kadi ya zamani siifuti. Mfumo mpya nautia kwenye kadi mpya. Ya zamani inaingia kwenye bahasha, naandika tarehe, naitunza. Mpya ikigoma, tunarudi tulikotoka."

"Una roho ya taratibu wewe."

"Ni uoga tu, mwalimu."

Alipokuja kuichukua, Digna alitaka afundishwe. Hakutaka kupanda treni kila mashine inapokohoa. Basi ikawa kila jioni, wanafunzi wakishatawanyika, anampigia. Telesphory anaweka kando alichoshika, anafumba macho ili aone vizuri kioo asichokiona.

"Andika sudo."

"Huyo Sudo ni nani?"

"Ni ruhusa ya mkuu wa shule. Usipomtaja, mashine haikusikilizi."

"Nimemtaja. Anataka nywila."

"Mpe."

"Ni jina lako," Digna akasema harakaharaka. "Usijivune. Ni refu, ndiyo maana."

Telesphory alishika bisibisi yake kwa muda mrefu bila kuitumia.

"Sasa iulize saa," akasema baadaye.

"Inasema bado ni jana jioni."

"Haina betri ya saa. Ukiizima inalala, na ikiamka inadhani ni dakika ileile. Kila ukiwasha, irekebishie saa kwanza, ndipo ufanye mengine."

"Jana jioni ndipo uliponiimbia ule wimbo wa kwaya yenu, sauti zote nne peke yako." Digna alicheka taratibu. "Mimi ningekuwa hii mashine, nisingetaka kurekebishwa."

Mwezi wa tatu, Jumamosi tarehe kumi na nne, Telesphory alikwenda Mlimba kuikagua maktaba. Alivaa shati jeupe alilolipiga pasi mara mbili. Mama yake Digna, Mama Theresia, alimwandalia wali wa nazi na perege, akaitikia shikamoo yake kwa furaha, akamuuliza kwao ni Mahenge upande gani. Telesphory alikuja na sentensi moja kichwani. Alijaribu kuitoa kabla ya chakula, ikakwama. Baada ya chakula ikakwama tena. Maktabani, Digna akiwa amesimama karibu naye, ananukia sabuni na chaki, alichoweza kusema ni kwamba watoto arobaini wakiingia pamoja mashine bado inalemewa, na kwamba siku nyingine wangeihamishia kwenye distro iitwayo Debian, tupu, isiyo na madirisha kabisa.

"Debian," Digna akarudia, akauma mdomo kama anayezuia kicheko, kisha akatoka kufunga madarasa.

Telesphory akabaki peke yake na kompyuta. Mikono haikuwa na aibu za mdomo. Akafungua lile faili la salamu, ambalo maneno yake hujitokeza mtu anapoingia tu ndani ya mashine, akaandika:

"Digna, nikiwa mbele yako nashindwa, ndiyo maana naandika. Naomba nikuoe. Ukikubali, nitamtuma baba mdogo kwa mama yako na barua ya posa. Ukikataa, nitaendelea kuitengeneza mashine hii bila kinyongo. Telesphory."

Saa kumi na dakika kumi akaizima, akaenda kuwahi treni. Alijua Digna huingia kwenye mashine kila Jumatatu asubuhi.

Jumatatu hiyo aliipokea simu kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Umeingia kwenye mashine?"

"Nimeingia," Digna akasema, sauti imejaa raha. "Iko vizuri mno. Utakuja lini tena?"

Akaendelea kusimulia mvua, mitihani, mama alivyomsifia mgeni kwa kula vizuri. Telesphory akangoja. Jumanne akangoja, Jumatano vilevile. Digna alizungumza kila kitu isipokuwa kile.

Hakumlaumu. Alijiambia kwamba amesoma, na kwa wema wake ameruka juu ya maneno yale kama mtu anavyoruka dimbwi, ili asimtie mwenzake aibu. Lakini kila alipoisikia ile sauti, alitafuta kisingizio cha kuaga. Akaanza kujibu kwa neno moja. Kisha akaacha kupokea.

"Simu inaita, wewe unaitazama kama runinga," Fidel alimwambia. "Umefanya nini?"

"Nimejibiwa."

"Kakujibu nini?"

"Hajasema kitu."

Fidel akatikisa kichwa. "Fundi, mimi nimewahi kukataliwa. Huwa kuna kelele."

Wiki ya sita, Jumamosi, mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Mtu akasimama mbele ya kibanda, gauni la bluu limechafuka tope kwenye pindo, mwavuli mkono huu, hotpoti mkono ule.

"Shikamoo, fundi mkubwa usiyepokea simu."

Fidel, kwa mara ya kwanza tangu aanze biashara, alikumbuka kwamba ana kiu. Akaondoka.

"Digna."

"Usiniite. Washa kwanza, halafu nitakugombeza vizuri."

Telesphory akaiunganisha kompyuta kwenye kioo chake. Mistari ikapita, ikasimama. Digna akaingiza nywila. Hapakuwa na salamu. Haukuwa mfumo wake. Ilikuwa Debian, tupu, safi kama sahani iliyooshwa.

"Umebadilisha distro," akasema polepole.

"Peke yangu!" Hasira ikamponyoka Digna usoni. "Ulipoitaja Debian mimi nilikuwa nimeshaipakua siku mbili nzima, nilibaki kuogopa tu. Jumapili baada ya misa nikaiweka, vitabu nikavichota kwenye flashi uliyonipa. Sasa wanaingia arobaini na tano! Nilitaka uje ushangae. Nikangoja. Hukuja, na simu hupokei."

"Jumapili," Telesphory akasema. "Hukuingia kwenye ile yangu kwanza?"

"Niingie kufanya nini? Uliiacha safi."

Telesphory akakaa kwenye kigoda. Wiki sita zilimpita kichwani, siku moja moja, kila simu aliyoiacha ikalia.

"Kuna kitu nilikuandikia mle."

"Kitu gani?"

"Basi. Kimeshafutika."

"Nani kakwambia?" Digna akainua kitambaa cha jikoni ndani ya hotpoti, akatoa bahasha ya kaki. Juu yake, kwa mwandiko wa ubaoni, tarehe ya siku fundi alipokuja: *14 Machi. Ya fundi.* "Nani alinifundisha kwamba kadi ya zamani haifutwi?"

"Digna, ngoja kidogo..."

"Nimengoja wiki sita."

Akaizima mashine, akabadilisha kadi, akaiwasha. Aliandika lile jina refu bila kutazama vitufe. Maneno yakajitokeza.

Alisoma midomo ikicheza bila sauti. Alipofika mwisho alirudi mwanzo. Mashine ya kukoboa mpunga ilikuwa ikinguruma upande wa pili wa barabara, na Telesphory alishukuru, maana moyo wake nao ulikuwa unapiga kelele.

"Telesphory." Hakusema fundi. "Posa hupelekwa na mshenga. Mshenga wako ni kompyuta?"

"Haina aibu kama mimi."

"Haina hata saa!" Akajifuta macho kwa kiganja. "Na wewe ukadhani nimesoma nikanyamaza? Mimi?"

"Sikukulaumu."

"Ungenilaumu, baba! Ungepiga simu ukanigombeza, yangekwisha siku ileile."

Mikono ya Telesphory, kwa mazoea, ikaenda kwenye vitufe na kuiuliza mashine saa. Ikajibu: Jumamosi, 14 Machi, saa kumi na dakika kumi na moja. Akaanza kuirekebisha. Digna akaweka mkono wake juu ya mkono wa Telesphory.

"Iache."

"Si saa sahihi."

"Iache kwanza. Kwa saa yake, umeniuliza sasa hivi. Hata treni yako haijaondoka." Akauvuta ubao wa vitufe upande wake. "Sijachelewa."

Akamtaja Sudo, akafungua faili la salamu, na chini ya maneno ya Telesphory akaongeza yake, kwa vidole viwili, herufi moja moja, kama alivyofundishwa kwenye simu:

"Ndiyo. Baba mdogo aje Jumapili, mama atakuwepo. Na safari hii mshenga awe mtu."

Kisha akaizima, akaitoa kadi, akairudisha kwenye bahasha yake. Telesphory alimpa kalamu aandike tarehe ya leo. Digna aliishika, akaitazama tarehe iliyokuwa pale, akamrudishia kalamu bila kuandika nyingine.