Tiketi ya Kwenda Kuposa

Mvua ya mawe iliishukia Fordsburg, mjini Johannesburg, Jumamosi mchana, soko likiwa limejaa. Wauza mashuka wakaburura meza zao, wanawake wakafunika sambusa kwa mitandio, na kila mwenye miguu akatafuta mlango. Gradi, fundi cherehani Mkongomani wa Troyeville, akaingia kwenye kiofisi cha tiketi za ndege, chembamba kama ujia. Alikuwa amekumbatia majoho ya kwaya ndani ya nailoni. Yeye mwenyewe alivuja maji, na suti yake ya rangi ya zambarau ilikuwa imemganda mwilini.

"Karibu, kaka. Ila usinilowanishie kompyuta," alisema msichana nyuma ya meza.

Ndiye Joséline, Mrundi, mweusi wa kung'aa, nywele kazisuka mistari na kuzikusanya utosini. Gradi alimtazama, kisha akaitazama blauzi yake ya manjano, maana fundi ni fundi.

"Samahani, dada. Kola yako imelala upande."

"Iache ilale, imechoka."

"Nani kakushonea?"

"Mama yangu."

"Eish. Basi ni kola nzuri sana."

Joséline akacheka mpaka akashika meza. Mvua ilikatika, Gradi hakutoka. Alieleza kwamba majoho ni ya kanisa moja la Wakongomani huko Paris, na kwamba wamemwalika ayapeleke mwenyewe, awarekebishie wakiwa wameyavaa. Ndege ya kwenda na kurudi wanalipa wao.

"Wewe unauza safari kila siku," alisema. "Umefika wapi?"

"Durban. Kwa basi." Joséline akamkazia jicho la uchokozi. "Kitendawili."

"Tega."

"Mamia wanapita juu ya bati langu, hakuna anayenipigia hodi."

Gradi akawaza, akajikuna. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Nakupa Durban."

"Hiyo ninayo, nimeshakuambia."

"Haya, nakupa Paris."

"Paris naichukua. Ni abiria wa ndege."

Yakaanzia hapo. Mchana Gradi alimpigia simu kumuuliza amekula nini, jioni akamngojea kwenye roboti, zile taa za barabarani, wavuke pamoja. Alimwita "sheri", mpenzi kwa Kifaransa, naye akaitwa "fundi wangu". Haikupita miezi mingi, Gradi akavaa vizuri, akaenda Bertrams kwa Mama Hélène, mama yake Joséline, kumwomba binti.

Mama Hélène alimpa chai, akamsikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu, baba yake angekuwa hai ungemwendea yeye. Hayupo. Wapo ndugu zake, na mtoto wetu anaombwa ana kwa ana. Jimmy, mdogo wa marehemu, yuko Toulouse. Astère, mkubwa wao, yuko Brest, na neno la mwisho ni lake. Vita viliwatupa Ufaransa kama mbegu."

"Hawawezi kukutana Paris, mama?"

"Astère anasafishwa damu hospitali. Hatoki mji ule."

Mwingine angekata tamaa. Gradi alitoka mbio kumpigia Joséline. "Sheri, viza ya safari ya majoho imetoka. Wiki moja, kuingia mara moja tu, lakini Ufaransa ndiko ninakokwenda. Nitafutie ndege za humo ndani, za bei ya mkono wangu."

Kazi hiyo Joséline aliijua. Ijumaa na Jumapili ni ghali, Jumanne ndiyo nafuu. Toa begi, toa kuchagua kiti, toa kila kisanduku kilichotegwa kwenye ukurasa wa malipo. Hata treni ilikuwa ghali kuliko ndege, jambo ambalo Mama Hélène alikataa kabisa kuliamini. Toulouse ilipatikana kwa bei ya jozi ya viatu. Brest ndiyo ilisumbua. Kutoka Toulouse lazima upitie Paris, na ya nafuu ilishuka Orly, kisha nyingine iliondoka Roissy. Viwanja viwili, pande mbili za mji, saa mbili na nusu katikati. Ya jioni ilikuwa salama, na bei yake mara tatu.

Angekuwa mteja mwingine, angemwambia, "Usithubutu." Lakini hizi zilikuwa fedha za Gradi, sindano kwa sindano. Akakata ile ya nafuu, akamwambia tu, "Ukishuka, wahi."

Jumatatu simu ikaita kutoka Paris.

"Kitendawili, sheri."

"Tega."

"Natembea nimevaa nyumba yangu."

"Konokono."

"Hapana, ni mimi. Begi la pili wanalitoza kuliko tiketi. Nimevaa suti yangu, juu yake niliyomshonea baba mdogo, juu yake ya baba mkubwa. Dada wa mlangoni kaniuliza kama ninaumwa."

Toulouse ilikuwa sherehe. Jimmy alivaa suti yake palepale sebuleni, akalia, akasema, "Kwangu mimi umeshapata mke. Kesho kamsikie mkubwa."

Kesho yake, huko Brest, Astère aliahirisha siku yake ya hospitali. Aliita Warundi wa miji ya jirani, mkewe akapika maharage na ndizi na nyama, wazee wakakaa na makoti yao, macho mlangoni.

Gradi alikuwa kwenye basi kati ya Orly na Roissy.

"Sheri, magari hayasogei."

"Shuka, panda treni."

"Treni iko wapi? Niko katikati ya barabara kuu."

Alipofika, mlango ulikuwa umefungwa, na ndege ya jioni ilikuwa imejaa. Ndege yake ya kurudi Johannesburg ilikuwa asubuhi inayofuata.

"Ulijua ni viwanja viwili?" aliuliza kwenye simu, taratibu.

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenunua ya ghali."

Simu ikakatika. Joséline akaelewa kwamba ameachwa.

Usiku huo Astère alimpigia shemeji yake, Mama Hélène. Sauti yake haikuwa na hasira. "Simkatai kijana. Jimmy kanisimulia mazuri yake. Aje tu, nipo."

"Baba mkubwa, hawezi kuzungumza nawe kwa video?" Joséline aliingilia.

"Mtoto wa ndugu yangu aombwe kwenye kioo cha simu, kama mtu anaagiza piza? Hapana, mwanangu. Aje."

Mama Hélène alirudisha simu mezani ameridhika. "Umesikia? Hajakataa."

Uwanjani Johannesburg, Gradi alitoka mlango wa wasafiri amevaa suti ya Astère, nyeusi, iliyokatwa kwa ajili ya mtu mnene. Ilimning'inia. Joséline alikuwa amesimama pale bila kuitwa.

"Ulinikatia simu."

"Nilikuwa nalia, sheri. Watu walikuwa wananitazama."

"Nisamehe."

"Ulikuwa unanihurumia. Nikukasirikie kwa hilo?"

Wakakumbatiana hapo, masanduku ya watu yakiwapita miguuni.

Aliomba viza tena, akanyimwa. Akaomba tena, akanyimwa. Huko Brest, Astère akawa anasema yaleyale kwa sauti inayozidi kuwa nyembamba: aje tu.

"Twende tukaishi pamoja," Joséline alimwambia jioni moja, kwenye chumba cha kushonea. "Mama atanuna, lakini mimi nitakuja."

Gradi alizima cherehani. "Kwetu wameisha wote, unajua. Nilikuwa nawatafutia ndugu watoto tutakaowazaa. Nikikuchukua hivi, na wako tutakuwa tumewapoteza."

"Kwa hiyo?"

Gradi akawasha cherehani tena.

Mwezi wa sita, kwenye baridi, Gradi aliingia kiofisini Fordsburg, akaketi kiti cha wateja.

"Nimepata kazi Cape Town. Kiwanda cha sare."

Joséline aliweka vidole juu ya kompyuta. "Kurudi tarehe gani?"

"Ya kwenda tu."

"Begi?"

"Moja. Na cherehani."

Alitafuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaigeuza skrini upande wake.

"Hii. Haipiti popote, haibadilishi uwanja. Begi limo, na cherehani imo. Kiti cha dirishani."

"Ni ghali, sheri."

"Ndiyo," alisema Joséline, akaichapa.