Bega Lililofutwa

"Jua likizama, unakwenda na maji ya Kagera."

Bwana Lemaire alisema hayo akifunga kufuli. Bastola ya Elpidius, Webley, ilikuwa tayari kiunoni mwake.

Mlango mmoja. Dirisha la nondo. Elpidius, jasusi wa serikali aliyeingia Songambele mwaka ule wa 1953 kama mnunuzi wa kahawa, alikuwa amenaswa, na aliogopa kweli. Madini ya bati ya Kyerwa yalikuwa yakivushwa mpaka kwa magendo. Elpidius alishajua mwizi ni Lemaire. Njia ya kuyavusha hakuijua.

Ukutani palibandikwa mchoro wa penseli. Lemaire alijitia mchoraji wa picha za kanisa, na huu ulikuwa mchoro wa awali: mpagazi amebeba begani ekyanzi, chombo cha mti cha maziwa.

Elpidius akausogelea.

Bega lilichorwa juu, likafutwa, likachorwa chini zaidi. Goti limepinda. Mishipa ya shingo imetutumka. Kumbe mpagazi alikuwa akielemewa huku anachorwa.

Maziwa hayamwelemei mtu hivyo.

Madini, ndiyo.

Nje alilinda Ndyamukama, mfugaji mwenye mkuki, aliyeambiwa ndani mna mwizi wa ng'ombe. Elpidius akamwamkia shikamoo. Hakuitikiwa. Akabandua mchoro, akaupitisha kwenye nondo.

"Mzee, chombo hiki unakijua?"

Kidole cha mzee kilifuata taratibu nakshi za chombo mchoroni.

"Cha marehemu mama. Bwana aliazima, eti maziwa ya vibarua."

"Tazama bega. Hayo ni maziwa, au mawe ya bati?"

Ndyamukama alibeba maziwa tangu utoto. Alitazama sana. Kwao ekyanzi hakitiwi hata maji, sembuse mawe.

Akachomeka mkuki kwenye kufuli. Likang'oka.

Lemaire alikuwa akifunga turubai la lori lake la Bedford alipohisi ncha ya mkuki mgongoni. Elpidius akachukua Webley yake, kisha akatoa redio aliyoificha kwenye gunia la kahawa, akaita kwa jina lake la siri.

"Kanga kwa Bukoba. Mzigo umo kwenye vyombo vya maziwa."

"Mtuhumiwa?" sauti ya redioni ikauliza.

"Hana haraka."

Askari walipofika, Ndyamukama alikuwa amepiga magoti, akimwaga mawe meusi kutoka kwenye chombo cha mama yake. Alikuwa analia.

Elpidius akamuuliza kama kitasafishika.

"Hapana. Nitakichoma."

Elpidius akavaa kofia, akashika njia.

"Marahaba, mwanangu," mzee akaitikia nyuma yake.