Waya wa Simu ya Mbwana

Kila asubuhi Mwanarusi alikiondoa kitambaa cheupe cha kufuma kilichofunika kompyuta, akakikung'uta mlangoni, akakikunja mara nne na kukitia kwenye droo. Kisha alipangusa kioo kwa pamba yenye tone la spiriti, akaketi, akavuta pumzi. Biro ya kupiga chapa ilikuwa hatua chache kutoka kivukoni Likoni, na kufikia saa moja na nusu barabara ilikuwa imekwisha kujaa mikokoteni ya machungwa na kelele za makanga wa matatu. Yeye hakuzisikia. Kioo kikishang'aa, moyo wake hutulia.

Asubuhi moja ya mwaka 1999 hakufika hata kwenye pamba.

"Hodi hapa! Dada, usinifukuze, nimetumwa na Wajerumani."

Mlangoni alisimama kijana mrefu, shati la maua la watembeza watalii, viatu vyeupe vilivyoingia vumbi jekundu. Mkono mmoja ulishika simu ya mkononi, kitu ambacho siku zile ungetembea Likoni nzima usikione ila kwa watu watatu au wanne tu. Mkono wa pili ulishika waya mweusi.

"Wajerumani gani tena?" Mwanarusi aliuliza, kitambaa bado kifuani.

"Wageni wangu wa Diani. Wamerudi kwao, wataka niwaandikie kwa kompyuta ili walete na wenzao. Wasema posta yachelewa. Wameniachia waya huu, eti waunganisha simu na kompyuta, intaneti yaingia yenyewe. Wewe waijua intaneti?"

Mwanarusi aliinua macho ukutani, kwenye diploma yake iliyotiwa fremu ya rangi ya dhahabu. Chuoni intaneti aliiona mara moja tu: mwalimu aliichora ubaoni kwa chaki, wingu kubwa katikati, visanduku pembeni, mistari ikienda na kurudi. Kwenye mtihani alilichora wingu lile vizuri, akapata alama themanini na mbili.

"Naijua," alisema. Masikio yakamwaka moto chini ya mtandio.

Siku mbili alihangaika na kijitabu kilichokuja na waya. Siku ya tatu simu ikawekwa dirishani upande wa kisiwa cha Mombasa, maana ndani haikushika mawimbi, na chini kabisa pembeni mwa kioo vikachomoza vikompyuta viwili vidogo mfano wa punje za mchele, kimoja kikimeta, kingine kikijibu. Barua ya Mbwana ikaenda Ujerumani.

"Wallahi umeituma!" Mbwana alipiga makofi. "Na mimi huku nasubiri itoke karatasi. Mwalimu wangu wewe."

Neno hilo lilimfurahisha Mwanarusi kuliko ilivyostahili.

Tangu hapo kila Jumanne Mbwana aliiacha simu biro ili barua zichukuliwe, yeye akaenda na wageni mbuga ya Shimba Hills. Kabla ya kuondoka hotelini alimpigia kwa simu ya hoteli.

"Haloo, ofisi ya intaneti?"

"Hapa si ofisi, ni biro."

"Basi nipe bibi wa biro."

"Hayuko."

"Mbona sauti yake naisikia? Mwulize amevaa mtandio gani leo."

"Mbwana! Watu wa hoteli hawakusikii?"

"Wanasikia. Wao ndio walionambia niulize."

Mwanarusi akaugusa mtandio wake. "Wa samawati."

"Allah! Basi leo gari natia mtaroni."

Mwanarusi alicheka akiuma ncha ya mtandio huohuo. Hakuwa msichana wa maneno mengi, wala Mbwana hakumdai maneno. Alimletea kashata, akaketi kwenye kiti cha wateja, akamtazama akipiga chapa kama mtu anayetazama mpira. Siku moja tu ndiyo alizungumza bila mzaha.

"Rusi, nyumbani Kikoneni nimewapa namba hii. Nyanya yangu ndiye aliyenilea, na sasa hajiwezi. Mwenye duka akipiga, wewe pokea, kisha nipigie hotelini, watanipata kwa redio ya gari. Usiniangushe."

"Siwezi kukuangusha."

Jumanne ya mwisho ya Mei, Mbwana alipokwisha kupiga toka hotelini, Mwanarusi aliiunganisha simu saa tatu asubuhi. Akachukua barua tatu, akazihifadhi, akafunga ukurasa. Kioo kikawa cheupe. Lakini kule pembeni vile vikompyuta viwili viliendelea kumeta, kimoja, kingine. Mwanarusi alivitazama. Je, kulikuwa na jambo jingine la kufanya? Kitsao, mwenye biro, alikuwa chumba cha nyuma akihangaika na mashine ya kopi; yeye huenda angejua. Lilikuwa swali la maneno manne. Lakini mwenye diploma ataulizaje kuzima kitu alichokiwasha mwenyewe, tena mbele ya wateja wawili? Akavuta karatasi, akaanza kuchapa mkataba wa shamba. Simu ilibaki dirishani, waya mmoja kwenye chaji, mwingine kwenye kompyuta. Haikulia. Leo wa Kikoneni wametulia, alijisemea.

Saa nane na nusu Mbwana aliingia, uso umejaa jua. "Habari za ofisi?"

"Si ofisi," alijibu akitabasamu, akachomoa waya ampe simu yake.

Vikompyuta viwili vikatoweka. Na simu, mlemle kiganjani mwake, ikalia.

Aliona kila kitu kwa mara moja, wazi kuliko ubao wa mwalimu. Mstari ulikuwa mmoja. Kompyuta ilikuwa imeushika tangu saa tatu, na hakuna binadamu aliyeweza kupita.

Mbwana aliipokea. "Naam, kaka... Lini? Alfajiri?" Akashika ukingo wa meza. "Mmeshamzika? Nani aliingia kaburini? Nauliza, nani alimpokea?"

Walikuwa wamemngoja mpaka adhuhuri. Yeye ndiye aliyetakiwa kushuka na kumlaza nyanya yake kwa mikono yake. Maiti hacheleweshwi; baada ya sala alishuka jirani.

Mbwana alichutama sakafuni, mikono kichwani. "Rusi, hawakupiga?"

"Haikulia," alisema. Hilo lilikuwa kweli. Kisha likamtoka lisilokuwa kweli: "Leo mtandao ulikuwa mbovu."

Wiki tatu Mbwana hakuonekana. Mwanarusi aliacha kufungua ile droo ya kitambaa. Kompyuta aliikuta imefunikwa, akaiacha hivyo mpaka mteja aingie. Mtandao ulikuwa mbovu. Aliusikia uongo wake hata kwenye mlio wa feri.

Mbwana aliporudi alisimama nje ya kizingiti.

"Nimefuata waya wangu."

"Karibu ndani, Mbwana. Pole na..."

"Nimeshapoa. Mwenye duka amenambia simu haikuwa na ubovu. Kila alipopiga tangu afungue duka, ilikuwa yazungumza. Saa tatu yazungumza, saa tano yazungumza, maiti aoshwa, bado yazungumza." Macho yake yalikuwa barabarani. "Sikuulizi ulikuwa ukizungumza na mwanamume gani. Ningependa tu ungetumia simu yake."

Mwanarusi alifungua mdomo. Na hapo alijifahamu, akajichukia: kwa kitambo kidogo aliona afadhali adhaniwe ana mwanamume mwingine kuliko kusema hakujua kuzima intaneti. Akampa waya. Mbwana akaukunja mfukoni, akaenda zake.

Mwanarusi alihesabu siku. Siku ya arobaini alimwomba Kitsao ruhusa, akavaa buibui, akanunua ratili nne za sukari, akapanda basi la Lunga Lunga kwenda Kikoneni.

Nyumba ya msiba ilijulikana kwa moshi wa masufuria. Uani wanawake walikuwa wakichambua mchele. Mama yake Mbwana, Mwanamkasi, alikuwa mwanamke mwembamba, leso amejifunga kifuani.

"Shikamoo, mama. Poleni na msiba. Mungu amrehemu."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa. Watoka wapi?"

"Likoni. Mimi ndimi wa ile biro. Wa kompyuta."

Mikono ikasita juu ya ungo. Mbwana alikuwa akitoka jikoni na sinia la pilau kwenda kwa wanaume barazani; alisimama hapohapo.

"Mama, sikuzungumza na mtu siku ile," Mwanarusi alianza. "Simu niliiunganisha na kompyuta, nikadhani nimefunga, kumbe sijafunga. Ikiwa kwenye kompyuta haipokei. Sikujua kuizima, na niliona haya kuuliza, maana nina cheti kizima ukutani. Kisha nikamdanganya mwanao, nikasema ni mtandao. Ni mimi niliyemzuia kumzika nyanya yake."

"Hapakuwa na mtu?" Mbwana aliuliza polepole.

"Hapakuwa na mtu."

"Arobaini nzima namtafuta mwanamume wa kumchukia, Rusi. Mpaka Kitsao nilimshuku." Akaliweka sinia chini. "Nimeona haya hata kumsomea nyanya dua, moyo umejaa wivu."

Mwanamkasi hakumtazama mwanawe. "Nyanya yake alikuwa amekwenda tangu alfajiri, simu isingemrudisha. Lakini huyu alinyimwa kumshika mara ya mwisho. Hilo sitakwambia si kitu."

"Najua, mama."

"Nasi tulikuwa hatujui. Ungenyamaza, lingekwisha. Umepanda gari mwendo wote huu kuja kujivua nguo mbele ya watu. Kwa sababu gani?"

Uani mchele uliacha kupepetwa. Kutoka barazani wanaume waliita pilau. Mwanarusi alitazama mikono yake, kisha akainua uso.

"Kwa sababu nampenda mwanao, mama," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka barazani.