Birika la Ufukweni

Zamani zile kwetu Rwezamenyo, mtaa wa mjini, Idi haikuwa Idi bila ufukwe. Tukishaswali, mama yangu Raihana alifunga sufuria ya pilau kwa kanga, tukajazana kwenye lori kwenda ziwani. Komini, yaani serikali ya pale, ilihifadhi ufukwe ule kwa ajili ya watu wote. Hakuna kujenga, hakuna kuchota mchanga. Mpaka leo nikinusa iliki, naukumbuka.

Mwaka 1992 tulikuta kamba imefungwa njiani. Mbele yake alisimama Épiphanie, muuguzi wa kike wa zahanati ya pale.

"Poleni na safari. Hapa tumefunga. Watoto ya hapa iko wagonjwa. Kichocho."

"Yewe! Mpaka lini, Muganga?" mama aliuliza.

"Pengine moja kwa moja. Watu, hata nyinyi wageni wa Idi, wanajisaidia kwenye matete, karibu na maji. Mvua inasukuma uchafu ziwani. Mayai ya kichocho yaliyomo yanapasuka, wadudu wanaingia ndani ya konokono. Wakitoka huko, wanapita kwenye ngozi ya mtu aliye majini. Mtoto anaumwa tumbo, anatoa damu chooni. Na choo tulichimba, iko kule juu! Kwa nini hamuendi?"

Baba yangu Ilyasi, fundi cherehani, alisogea mpaka kwenye kamba.

"Choo iko, Muganga. Maji ndiyo hakuna. Sisi Waislamu tunajisafisha na maji, si karatasi. Ndiyo maana tunabaki karibu na ziwa."

Épiphanie alishika kichwa. "Baba! Tangu Idi ya mwaka jana nawakasirikia bure. Mbona hamkusema?"

"Mambo ya chooni nimwambie nani? Wewe?"

Watu walicheka, na Épiphanie akacheka zaidi. Mama alimimina chini chai yote ya birika letu, baba akilalamikia sukari yake. Kisha mama akalijaza maji kwenye bomba la zahanati, akalitundika kwenye msumari wa mlango wa choo.

Baadaye baba alileta pipa la maji. Tangu hapo kila mtu alipanda kule juu. Zahanati iliwapima watoto na kuwapa dawa. Kamba ilibaki, nasi tulikula pilau yetu mbali na maji. Ilituuma, lakini tulivumilia.

Idi ya Machi 1994, Épiphanie alifungua kamba kwa mikono yake.

"Watoto wamepona. Maji tumepima, iko salama. Ingieni!"

Baba alikunja suruali, akaingia wa kwanza, akipiga kelele kuliko watoto. Épiphanie alikula pilau nasi, akaomba ukoko. Sijawahi kuona siku nzuri kama ile.

Mwezi uliofuata mauaji ya kimbari yalianza. Épiphanie aliuawa.

Desemba nilirudi na mama; baba alibaki nyumbani. Zahanati haikuwa na mlango wala dirisha. Tulipanda chooni. Msumari ulikuwepo, na juu yake birika. Halikuwa letu. Lilikuwa jipya, limejaa maji; kuna mtu tusiyemjua aliyekuwa akilijaza.

Mama alilishika kwa mikono miwili, akalia.