Kijiko cha Samli

"Dada, huo wali unaupakua au unauhoji?"

Sauti ilitoka nyuma yake, na foleni nzima ikacheka. Dorotea Maige alibaki na upawa hewani. Ilikuwa Jumamosi mchana katika hoteli ya Mama Getruda, karibu na bandari ya Mwanza, mwaka ule wa tisini na tano ambao madukani kulijaa vitu na mitaani kulijaa bendera za vyama. Zamani mafuta ya kula yalipatikana kwa kupanga foleni kwenye duka la kaya. Sasa yalikuja kwa madumu ya manjano kutoka nje, na kila jiko la mjini liliogelea ndani yake. Getruda naye alikuwa ameleta mtindo mpya unaoitwa bufee: unalipa mara moja, unajipakulia mpaka sahani iseme basi.

"Najipimia," Dorotea alijibu bila kugeuka.

"Basi sisi wengine tujipimie njaa?"

Aligeuka ili amjibu vizuri. Akakuta kijana mrefu, shati la mistari limechomekwa, mikono imekunjwa, spana inachungulia mfuko wa nyuma, na tabasamu lisilo na ubaya. Akageukia sufuria tena. Akapakua wali kiasi cha ngumi yake, kipande cha samaki kiasi cha kiganja, mboga bila kipimo, akaenda kukaa pembeni. Alikuwa mwanamke wa mwili, mwili wa kugeuziwa shingo mitaani, na gauni lake la kitenge cha rangi ya machungwa lilimkaa sawasawa.

Meza zilikuwa zimejaa. Yule kijana akaja kusimama mbele yake na sahani iliyopanda kama mlima: pilau, chipsi, kuku wa kukaanga, na chapati juu kama kifuniko.

"Naweza kukaa, au hapa pia pana mahojiano?"

"Elfu moja na mia sita," mdomo wa Dorotea ukasema kabla hajauzuia.

"Nini?"

"Hamna."

"Umeniangalia, ukasema elfu moja na mia sita. Unaniuza mnadani, dada?"

Dorotea akacheka mpaka akafunika uso kwa mtandio. Hivyo ndivyo alivyojuana na Ogweno, fundi wa mashine za barafu, mtoto wa Shirati.

Elfu moja na mia sita zilikuwa kalori, lakini hilo hakumwambia. Mama yake, Evelina, aliishi Kiseke na mguu mmoja. Wa pili ulikatwa kwa sababu ya kisukari. Kisha Dorotea mwenyewe alipimwa, na muuguzi wa kliniki, dada Odeta, akamwambia kwa upole: "Sukari imefika mlangoni kwako, haijakaa kitini. Punguza mwili, taratibu, itachoka kusubiri." Odeta ndiye aliyemfundisha kuhesabu. Ugali wa ngumi, mia na hamsini. Soda, mia na thelathini. Kijiko kikubwa cha mafuta, mia na ishirini. Nyumbani kwake Pasiansi ilikuwa rahisi, kwa sababu kijiko alikishika yeye. Shida ilikuwa mchana. Dorotea alikuwa akipokea simu kwenye swichibodi ya kiwanda cha minofu ya samaki, na chakula chake cha kila siku kilikuwa cha hoteli, kwa Getruda. Chakula cha hoteli ni cha kukisia tu, maana mkono uliomimina mafuta huuoni.

Basi alikisia. Aliangalia mchuzi unavyong'aa, chapati inavyoacha alama kwenye sahani, akajumlisha kwa vidole juu ya paja, chini ya meza. Kichwa chake hakikutulia tangu asubuhi mpaka jioni. Hata kanisani, mhubiri alipotaja mikate mitano na samaki wawili, vidole vyake vilianza kazi.

Na kwa nini hakumwambia Ogweno? Kwa sababu alikuwa ameshawahi kumwambia mtu. Kijana wa Magu, aliyekwisha kuleta barua ya posa, alimwona Evelina na mguu wake, akaenda kuwauliza wazee wake. "Ukoo wa sukari huo," wakasema. Hakurudi. Safari hii Dorotea alitaka kwanza apungue, sukari iondoke mlangoni, ndipo aseme. Kupendwa tena na kuachwa tena, hapana, moyo usingeweza.

Ogweno alikuwa ameuliza anakofanya kazi, na simu zikaanza.

"Kiwanda, habari za asubuhi, nikuunganishe na nani?"

"Niunganishe na yule dada anayehoji wali."

"Kaka, hii ni simu ya kazi."

"Na mimi nina kazi. Jumamosi nile na nani?"

"Kula na chapati yako."

"Chapati haicheki, jaber." Jaber, kwao ndivyo wanavyomwita mtu mzuri.

Wakawa wanakutana kwa Getruda kila Jumamosi. Ogweno alizungumza sana, alikula sana, na alikuwa na tabia moja ambayo Dorotea aliipenda bila kujua sababu. Chochote Dorotea alichobakiza, Ogweno aliivuta sahani na kukimaliza, kwa kijiko kile kile cha Dorotea.

"Na hiyo ngoma unayopiga pajani ni ya wapi?" alimuuliza siku moja.

"Ya Kisukuma."

"Mbona haina mwisho?"

Mwili ukaanza kupungua. Gauni la machungwa likawa linapepea, na Dorotea alilipunguza kiunoni kwa furaha ya siri. Kumbe furaha ile aliiona peke yake. Miaka ile ya UKIMWI, pale ziwani, mtu hakukonda kwa kupenda. Kila mtaa ulikuwa na mtu aliyekonda, akakonda tena, kisha likawekwa turubai la msiba. Wanawake wa kiwandani, wenye mabuti meupe na magauni ya kazi, walinong'ona alipopita.

"Umemwona wa simu? Kakanyaga waya huyo."

"Jamani, mtoto wa watu."

Mmoja wao akaanza kuitenga bilauri ya Dorotea kwenye kabati la chai, upande wa peke yake. Dorotea aliiona, akaelewa. Aseme nini? Aseme ni sukari?

Ogweno naye akabadilika. Utani ukapungua. Akawa anamtazama mifupa ya shingo anapodhani haonekani.

"Ongeza kidogo, jaber."

"Nimeshiba."

"Unaumwa?"

"Nimeshiba tu, Ogweno."

"Basi kula kwa ajili yangu. Vijiko viwili."

Dorotea aliondoka pale. Anapenda wanene, aliwaza. Nikimaliza kupungua nitakuwa nimemaliza na yeye. Lakini sahani aliyoibakiza, aligeuka akaona, Ogweno alikuwa akiimaliza polepole, kwa kijiko kile kile.

Kisha kliniki ikamshtua. Mzani ulikuwa umegoma, tena umepanda kidogo. Sukari nayo ilikuwa imepanda.

"Unanidanganya mimi au unajidanganya wewe?" Odeta aliuliza.

"Dada, nahesabu mpaka naota! Mchana ni samaki wa kuchemsha, Getruda ananipikia wa peke yangu, na mboga tu."

Odeta akamshika mkono. "Nakuamini. Basi kuna mkono unaokuzidi hesabu. Utafute."

Jumamosi iliyofuata Dorotea alishindwa kukaa nyumbani. Alifua nguo safi, akapanga vyombo vilivyopangwa, mwishowe akatoka mapema kuliko kawaida. Akapitia uani kwa Getruda ili amwombe ruhusa ya kuchungulia sufuria. Pale mlangoni mwa jiko akasikia sauti aliyoijua.

"Leo weka vitatu, mama. Ndani ya mchuzi, uchanganye vizuri asione."

"Mwanangu, mimi naona vibaya," Getruda alisema. "Mtoto wa watu hataki mafuta. Siku zote anasema."

"Anaisha, mama. Weka."

Ogweno alikuwa ameshika chupa yenye kitu cha njano, kizito. Kipande cha samaki wa Dorotea kilikuwa kwenye sufuria ndogo ya peke yake.

"Unaniwekea nini?"

Chupa ilitaka kuanguka. Getruda aliitazama sura ya huyu na ya yule, akaepua sufuria, akafuta kigoda kwa kanga yake akakisogeza karibu na Dorotea, kisha akatoka nje akasema anaangalia mkaa. Mkaa ulikuwa ndani.

"Samli," Ogweno alisema. "Ya mama yangu. Ya ng'ombe wetu."

"Tangu lini?"

"Tangu gauni lako lianze kupepea. Kila mchana, chupa namwachia Mama Getruda."

"Kwa siri? Unanilisha kwa siri kama mbwa anayepewa dawa?"

"Okech alianza hivi hivi!" Ogweno aliiweka chupa chini. "Kaka yangu. Shati likaanza kumning'inia. Tukimwambia ale, anasema ameshiba. Nimeshiba, nimeshiba, mpaka nikambeba mgongoni kwenda kuoga, na hakuwa na uzito wa mtoto. Sasa na wewe."

Dorotea alirudi hatua moja nyuma. "Kwa hiyo unadhani ninao."

Ogweno akainama kuitazama chupa.

"Ungeniuliza!"

"Ungenijibu? Nimekuuliza mara ngapi unaumwa?"

"Mimi si kaburi la kaka yako, Ogweno. Chukua samli yako."

Hakukaa kwenye kile kigoda. Alitoka na njaa yake, akatembea mpaka Pasiansi kwa miguu, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi hakuhesabu kitu.

Wiki iliyofuata, taa ya laini ya nje iliwaka kwenye swichibodi.

"Kiwanda, nikuunganishe na nani?"

"Dorotea."

"Hayupo."

"Sauti yake ninaisikia."

"Sauti ipo. Mwenyewe hayupo." Akachomoa waya. Kisha akakaa akiitazama ile taa, akitamani iwake tena.

Hakutulia. Jioni alishuka ufukweni ambako akina mama wa dagaa walikuwa wakikusanya samaki walioanikwa, akaenda na kurudi juu ya mchanga mpaka mmoja akamuuliza, "Mwanangu, umepoteza nini tukusaidie kutafuta?"

"Sijui, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Basi tembea, utakikanyaga."

Akatembea. Na maneno ya jikoni yakawa yanamrudia, lakini sasa kwa upande wa pili. Alikuwa amesikia tu tusi: alidhani ninao. Hakuwa amesikia lililobaki. Alidhani ninao, na kila Jumamosi alikuja. Alidhani ninao, na wakati kiwandani walitenga bilauri yangu, yeye alivuta sahani yangu akala kwa kijiko changu. Wa Magu alikimbia sukari. Huyu alidhani ni kifo, akaenda Shirati kutafuta samli.

Dorotea akasimama. Mama wa dagaa akamtazama, akatabasamu, akaendelea na kazi yake.

Kesho yake asubuhi taa haikuwaka, basi akapiga yeye.

"Karakana ya barafu? Naomba Ogweno."

"Ndimi."

"Jumapili baada ya ibada njoo Kiseke. Nataka umwone mama."

"Nije na nini?"

"Njoo na macho tu. Ukitaka kukimbia, ukimbie mchana nikuone."

Alikuja, shati jeupe, viatu vimeng'arishwa, uso wa mtu anayekwenda hospitali. Evelina alikuwa barazani juu ya mkeka, akichambua choroko kwenye ungo, mguu mmoja umenyooshwa, wa pili umeishia chini ya goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe unayemwaga samli?"

Ogweno alitaka ardhi ipasuke. Evelina akacheka, akamsogezea mkeka. "Kaa. Utazame huu mguu, usione haya. Haukuliwa na mamba. Ni sukari. Na binti yangu inamfuata, ndiyo maana anaukimbia unene kama mtu anayekimbizwa na nyuki."

Ogweno akamgeukia Dorotea. "Kwa hiyo unakonda kwa makusudi?"

"Kwa makusudi. Nahesabu kila tonge. Ile ngoma ya pajani ndiyo hiyo. Na imo kwenye ukoo, ujue. Naweza kupungua na bado ikanipata. Mwenzako wa kwanza aliposikia, alirudi nyuma."

Ogweno akaanza kucheka, na kicheko kikageuka njiani kikawa kilio. Akalia pale pale mbele ya mama mtu, kilio alichokuwa hajakimaliza tangu siku ya Okech. Evelina alisukuma ungo pembeni, akampigapiga mgongoni kama anayembembeleza mtoto.

"Nilikuwa nakuombea usife," Ogweno alisema alipoweza, "na kumbe mimi ndiye niliyekuwa nakurudisha kwenye ugonjwa. Nisamehe, jaber."

"Na mimi nisamehe. Nilikuacha na hofu yako peke yako."

Baada ya hapo Ogweno akasafiri kwenda kwao. Dorotea alisubiri, na kusubiri kule hakukuwa na utulivu hata chembe. Mama yake Ogweno kule Shirati alikuwa na sauti, na ukoo wa sukari ni ukoo wa sukari. Jumamosi alipomwona mlangoni kwa Getruda, mkono mmoja mgongoni, alisahau alikuwa kwenye foleni, upawa hewani.

"Amesemaje?"

"Nilimweleza yote. Kisha akasema, 'Kumbe nilikuwa namuumiza mkwe wangu kwa mikono yangu.' Akaingia jikoni, akatoka na hiki."

Akaonyesha. Ilikuwa chupa ndogo ya samli, ndogo kuliko ya kwanza, na shingoni mwake kulifungwa kijiko cha chai, kwa uzi mwekundu uliofumwa vizuri, mafundo mawili, ili kisipotee njiani.

"Anasema kimoja tu, Jumamosi. Na kijiko akirudishe mwenyewe Shirati, akiwa mke wangu."

Dorotea akashusha upawa. "Hayo ya mwisho kasema mama?"

"Mama kasema kijiko. Ya mke ni yangu."

"Nyie!" mzee mmoja akapaza sauti nyuma ya foleni. "Mnapakua au mnafunga ndoa?"

"Subirini!" Getruda akafoka kutoka jikoni, akipangusa macho kwa kanga. "Chakula hakikimbii."

Dorotea akafungua uzi ule kwa uangalifu, akauzungusha kwenye kidole chake ili usipotee. Akachota kijiko kimoja, akakimimina juu ya samaki wake. Arobaini na tano, kichwa kikasema, na vidole vikaanza kwenda pajani kama kawaida yao. Mkono wa Ogweno ukavipokea njiani, ukavishika.

"Ndiyo," Dorotea alisema, akasahau hesabu alikuwa ameifikisha wapi.